Taa ya njano imerudi

Jumapili, saa nne usiku

Taa ya njano imewaka tena asubuhi ya leo, kabla sijafika hata kipilefti cha Msamvu, hapa Morogoro. Ile yenye umbo la injini, na pembeni yake kile kialama cha kisanduku chenye vitone. Wiki tatu tu tangu izimwe. Nikageuza gari taratibu, nikalirudisha nyumbani, nikaliegesha chini ya mwembe, na mchana kutwa sijaligusa.

Chuma kinachakaa, hilo nililikubali zamani. Kinachonikera ni gari kuumwa likanificha ugonjwa wake, na fundi niliyemwamini miaka yote akabaki ananitazama kwa aibu kana kwamba kosa ni lake.

Gari lenyewe ni la dizeli, lilitumika Uingereza kabla ya kushushwa bandari ya Dar es Salaam. Nilitaka dizeli kwa sababu ya Baba. Alikuwa na pikapu aliyobebea mpunga kutoka Dakawa kuleta Morogoro mjini, na mimi ndiye niliyekuwa utingo wake kila likizo. Ilipoishiwa mafuta njiani na kuingiza hewa, Baba alilegeza nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopulizia mafuta kwenye silinda, kwa spana namba 17, mimi nikapampu kwa kiganja kile kitufe cha juu ya filta. Mwanzoni yalitoka mapovu, kisha mapovu na dizeli, kisha dizeli tupu, safi, ikinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Bana," alisema, nikabana. Stata mara mbili, ikaunguruma. Nilikuwa darasa la sita na nilielewa kila kitu kilichotokea pale.

Maana dizeli kwa asili ni kitu chepesi kueleweka. Haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe, na ndivyo Rudolf Diesel alivyofanikiwa na injini yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mantiki hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni vilivyozungushiwa.

Kwenye pikapu ya Baba, nozeli ilifunguka kwa mgandamizo wa baa 100 na kitu. Kwenye gari langu pampu inasukuma mafuta mpaka baa 1,800, nyingine zinafika 2,000 na kuzidi. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa baa 2 na kidogo, kwa hiyo zidisha mara elfu moja hivi. Kwa mgandamizo huo matone machache ya maji kwenye dizeli, au vumbi lisiloonekana kwa macho, yanatosha kuila injekta. Mafundi hapa bado wanatenganisha kwa maneno: ya zamani ni nozeli, ya sasa ni injekta. Nozeli inafunguliwa, inasafishwa, inapimwa, inarudi. Injekta inabadilishwa, na ukiifunga mpya kompyuta ya gari inataka isomewe namba yake, vinginevyo gari linatetemeka kama lina homa.

Lakini ugonjwa wangu si injekta. Ni hiki kichungi cha kwenye ekzosi ambacho mafundi wanakiita DPF. Kazi yake ni kukamata masizi yasitoke hewani. Kikijaa, injini yenyewe inapaswa kuyachoma kwa joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo linapatikana gari likienda mwendo mzuri, bila kusimamasimama, dakika kama 20. Sasa mimi naishi Kihonda na kazi yangu iko mjini. Asubuhi naenda, jioni narudi, katikati matuta, bodaboda na foleni ya Msamvu. Kichungi hakipati hata nafasi ya kuchemka. Hakuna aliyeniambia hili siku nanunua gari. Muuzaji alinionyesha viti vya ngozi na redio.

Na mafuta nayo. Nchi za Afrika Mashariki zilishuka kwenye dizeli ya salfa sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na ilikuwa hatua kubwa, moshi mjini ulipungua. Lakini gari kama langu lilibuniwa kwa ajili ya Ulaya, ambako kiwango hakizidi sehemu 10. Limeletwa huku, likaambiwa liishi.

Mara ya kwanza taa ilipowaka nilikwenda kwenye gereji moja yenye kompyuta. Kijana alichomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu, P2463, akaniambia ninunue kichungi kipya, milioni nne na nusu. Hakuingia hata chini ya gari. Nilipomuuliza kimejaa kwa sababu gani, alinisomea tena yale maandishi ya kwenye kioo.

Ndipo nikaenda kwa Mzee wetu, yule wa nyuma ya soko, aliyetengeneza pikapu ya Baba mpaka ilipouzwa. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za mama. Hakuuliza namba. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akanionyesha: oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu sentimita nzima. Mimi kwa miezi miwili nilikuwa nafurahi kwamba gari langu halili oili. Akakipeleka puani, kisha akanipa na mimi. Ilinuka dizeli.

Akakaa kwenye ringi la gari, akafikiri. "Hii injini inamwaga mafuta mahali pasipotakiwa," akasema. Mashine haikusema hivyo, na ndiyo ilikuwa kweli. Nilipokwenda kusoma baadaye nikaelewa: gari likitaka kuyachoma masizi, linaongeza dizeli kidogo mwishoni mwa mzunguko ili ekzosi ipate moto. Mimi nikizima gari katikati ya kazi hiyo kwa sababu nimefika nyumbani, kichungi kinabaki na masizi yake, na sehemu ya dizeli ile inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Kesho linaanza upya. Oili inazidi kuwa nyepesi, na beringi za injini ndizo zinazolipa.

Mzee aliijua harufu. Alichokosa ni maelezo ya watengenezaji, nayo hayako kwenye karatasi yoyote anayoweza kuishika. Watu wanasema mafundi wetu wa zamani wamepitwa na wakati, na kila nikisikia hivyo naumia. Mtu mwenye pua ile na vidole vile hajapitwa na kitu. Amefungiwa kabati.

Tulimwaga oili yote, tukaweka ile maalumu ambayo ikiungua inaacha majivu kidogo, ambayo bei yake ni karibu mara mbili ya niliyokuwa naweka. Kisha Ijumaa moja saa tano usiku nikalipeleka gari Dumila na kurudi, zaidi ya kilomita 120, peke yangu, kwa kazi moja tu ya kuchoma masizi. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, Dakawa, Magole, na kila nilipopunguza mwendo niliwaza kwamba joto linashuka huko chini. Nikipita Dakawa gizani nikamkumbuka Baba na magunia yake. Nilikuwa nateketeza dizeli bila mzigo wowote nyuma. Taa ilizimika nikiwa narudi, na leo imewaka.

Ya mdogo wangu ni ya petroli, kagari ka silinda tatu kutoka Japani, na nilidhani yeye amepona. Mwaka jana fundi mmoja alimwekea oili ya gia ya kawaida kwenye gia boksi ya CVT. Ndani ya boksi hilo mwendo haubadilishwi kwa gia za meno, kuna mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazoubana, na oili yake ni ya aina yake. Mkanda ukaanza kuteleza, gari likawa linapiga kelele bila kwenda. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye dashibodi muda wote, kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Na mwezi uliopita tulibadilisha balbu ya taa ya mbele: fundi alifungua bampa nzima. Balbu ya elfu kumi, kazi ya asubuhi nzima.

Wengi wananishauri kichungi king'olewe. Wanakata, wanatoa kilichomo, wanachomelea, halafu mtu wa kompyuta analidanganya gari kwamba bado kipo. Nimeshawishika mara mbili. Halafu nikasimama nyuma ya gari lililofanyiwa hivyo, siku moja kwenye foleni, likaondoka na wingu jeusi lililotua usawa wa nyuso za watoto wa shule waliokuwa wanasubiri kuvuka. Bado natafuta njia nyingine. Nikishindwa nitaliuza kwa mtu anayesafiri Dodoma kila wiki, na nitamweleza kila kitu.

Jioni nimekwenda kwa Mzee, siku ya mapumziko yake, na kile kifaa kidogo cha kusomea namba za hitilafu nilichonunua, kinachoungana na simu. Tukakaa kwenye benchi. Mimi nasoma Kiingereza, namtafsiria, yeye ananieleza ndani ya injini kinatokea nini. Baada ya muda akapasua boksi la filta, akanipa kalamu. "Niandikie hapo, kwa Kiswahili, niweke ukutani."

Nimemwandikia namba tulizofikia. P2463, masizi yamejaa kwenye kichungi. P0401, moshi unaorudishwa kwenye injini hautoshi. P0087, mgandamizo wa mafuta uko chini. P0299, turbo haisukumi vya kutosha. Alipofika hiyo ya mwisho akanyang'anya kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake mkubwa: kagua mipira ya hewa kwanza, mara nyingi imepasuka.