Siku moja maishani mwangu: kuwatembeza mahujaji Roma, Julai

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kwenda kuwachukua wageni, napitia bomba la kona ya mtaa wetu kujaza chupa. Roma mwezi wa Julai si mchezo: mchana joto huweza kupita nyuzi 35, na mawe ya barabarani yanachoma mpaka ndani ya viatu. Leo nina mahujaji 11 kutoka Moshi, wengi wao watu wazima. Kila njia ninayowapitisha nimeipanga kwa maji na kivuli.

Saa 1. Basilika ya Mtakatifu Petro inafunguliwa, foleni bado fupi. Mabega na magoti lazima yafunikwe. Kina mama wangu wamevaa vitenge, kwa hiyo hatuna la kuhangaika.

Saa 4. Tumevuka mto Tiber kwa miguu hadi Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Hapa simharakishi mtu. Kuba la zege lisilo na nondo, upana mita 43, limesimama karibu miaka 1,900, na katikati yake juu kabisa kuna tundu wazi. Duara la jua linaloingia hapo husogea polepole ukutani. Wazee wamekaa kimya, wakilitazama.

Nje kuna nasone, bomba la chuma lenye pua iliyopinda. Yalianza kuwekwa mwaka 1874, na sasa yapo takriban 2,500 mjini, maji safi ya kunywa, bure. Ukiziba mdomo wake kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kilicho mgongoni mwa ile pua, unakinga kinywa tu. Bibi mmoja alisimama akiyatazama yanavyotiririka.

"Mwanangu, yanamwagika hivi usiku na mchana?"

"Ndiyo, Bibi."

Akatikisa kichwa. Ameteka maji kwa ndoo kichwani miaka mingi, nilielewa.

Saa 7 hadi saa 10 tunapumzika ndani. Mwaka juzi nilikubali kuendelea juani na mzee mmoja akaanguka mbele yangu. Alipona, lakini tangu siku hiyo saa hizo simtoi mtu nje, hata akinibembeleza.

Saa 11 jioni. Koloseo, uwanja wa michezo wa Warumi wa kale, kwa nje, kisha kiwanja cha Porta Capena. Huwa nawaleta hapa kila mara, ingawa haipo kwenye ratiba ya wengi. Mnara wa Aksum, jiwe la mita 24 lililochukuliwa Ethiopia na majeshi ya Italia chini ya Mussolini, ulisimama hapa tangu 1937. Ulirudishwa kwao 2005. Baba mmoja aliuliza, "Wote mzima?" Vipande vitatu, kwa ndege. Wakapiga makofi pale pale barabarani.

Saa 2 usiku, na jua bado halijazama. Wageni hawaishi kushangaa. Karibu na hoteli kuna nasone nyingine. Mtoto wa watu alikuwa akijinyoosha bila kuyafikia maji. Bibi akasogea, akaziba bomba kwa kidole, akamnywesha.