Shangazi yangu na vidakuzi

Shangazi alifika saiba, huku ninakohudumia watu kwa kompyuta na intaneti, kwenye saa tano asubuhi, jasho linamtoka, amevuka feri kutoka Likoni akapanda matatu mpaka huku Mwembe Tayari, na simu kaishika kwa vidole viwili utadhani kabeba samaki aliyeoza. Shikamoo, marahaba, hata maji hakutaka. "Mwanangu, hii simu imerogwa."

Naitazama, kumbe yuko kwenye mtandao mmoja wa kulipia vibali, jina naliacha. Anaandika namba yake, anaandika paswadi, anabonyeza kuingia, ukurasa unazunguka weee halafu unamrudisha palepale mwanzo, namba hakuna, paswadi hakuna, kama hajawahi kufika. Kaanza tena. Vilevile. Usiku mzima alikuwa kwenye mchezo huo mpaka bando likaisha, asubuhi akanunua lingine, nalo akalimalizia hapohapo.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu, kulikuwa na sentensi moja ya Kiingereza inasema washa kuki kwenye brauza yako, yaani ile programu ya kufungulia mitandao. Basi. Haisemi wapi, haisemi vipi, haisemi kuki ni mdudu gani. Sasa mtu anayeshona madera Likoni ajue kwa miujiza?

"Shangazi, simu yako imezimwa kuki."

"Kuki hizi za chai?"

Nikafungua mipangilio nimwonyeshe. Simu yake iko kwa Kiswahili, na Chrome, ndo brauza yake, kwa Kiswahili haisemi kuki, inasema vidakuzi. Alipoliona tu lile neno akaninyang'anya simu. "Wacha! Hivyo ni mimi nilimwambia nduguyo avizime." Kumbe binamu yangu alipata ile sauti inayozungushwa kwenye magurupu, zima vidakuzi vyote vinasoma meseji zako na picha zako, akamwekea mamake aisikize, na mama mtu akatoa amri. "Mimi niruhusu wadaku ndani ya simu yangu? Hawa wa mtaani hawajanitosha?"

Nikakosa jibu kwanza, maana wallahi ana haki. Lisikize hilo neno vizuri. Kidakuzi. Udaku umo ndani, mdaku umo ndani, na kudakua ndo kupekua mambo ya watu ukayatoa nje. Mzungu kaambiwa biskuti, sisi tumeambiwa kijimbea, na kitu ni hikohiko kimoja. Mwenzetu akiulizwa kama anakubali biskuti anabonyeza ndio huku anacheka, mama wa Likoni akiulizwa kama anaruhusu vidakuzi anafunga mlango na komeo juu. Na wote wawili wameambiwa nusu tu.

Halafu hata hiyo biskuti si ya kula. Maprograma wa zamani wa Unix, mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta, ndo walikuwa wanaita hivyo kijidata ambacho programu moja inampa mwenzake amshikie, halafu akirudishe vilevile bila kukichungulia. Mwaka 1994 programa mmoja wa Netscape, kampuni ya brauza ya enzi hizo, jina lake Lou Montulli, akalichukua wazo hilo akalitia kwenye brauza, kwa sababu mtandao ulivyojengwa hauna kumbukumbu hata kidogo, kila ukibonyeza kitu seva, ile kompyuta ya mwenye mtandao, inakuona mgeni, haijui kama sekunde tatu zilizopita ulikuwa papo hapo unaongea nayo. Walitaka duka la mtandaoni likumbuke mteja katia nini kikapuni. Kazi ya kwanza kabisa lakini ilikuwa ndogo zaidi, kujua tu kama anayefungua ukurasa wa Netscape alishawahi kuja au ndo mara yake ya kwanza.

Haya yote sikumwambia shangazi, angeniacha hapo nikiongea na kompyuta. Nilimuuliza kuhusu Idd.

"Wiki mbili kabla ya Idd unapokea vitambaa vingapi?"

"Usiniulize. Mpaka nalala juu yake."

"Na wenyewe wote unawajua sura?"

"Sura! Nusu yao wamevaa ninja, sura nitaionea wapi?"

Mimi nimekulia kwenye hicho chumba cha cherehani, najua anavyofanya, lakini nilitaka aseme mwenyewe. Anachukua kalenda ya mwaka uliopita anaikata vipande, kila namba anaiandika mara mbili, kipande kimoja anakipiga pini kwenye kitambaa, cha pili anampa mwenye nguo. Yule mtu akirudi haulizwi jina wala ukoo, anatoa kipande, shangazi anasoma 43, anavuta dera la 43 kutoka kwenye lile rundo, bei, kwaheri. Vipimo vya kifua na urefu haviko kwenye kile kipande, viko kwenye daftari lake yeye.

"Na asiyekuwa na kipande?"

"Arudi nyumbani akakitafute. Nshawahi kumpa mtu dera la mwenzake, sirudii."

Basi, nikamwambia, leo wewe ndo mteja. Umeingia, umesema namba na paswadi, ule mtandao umekujua, ukakupa kipande. Simu yako imekatazwa kupokea vipande, ikakitupa chini. Umepiga hatua moja ndani, unaulizwa kipande kiko wapi, huna, unarudishwa mlangoni. Umepewa tena, simu ikatupa tena. Usiku kucha.

Akanyamaza. Halafu: "Kwa hivyo hivi vidakuzi ni zile karatasi zangu za kalenda."

Ndo hizo. Na ile sauti ya kwenye gurupu ilidanganya, kuki si programu, haina mikono wala macho, ni maandishi tu na yana mpaka, brauza zimezoea kama baiti 4096 kwa kuki moja, yaani herufi elfu nne hivi, hata picha ya mjukuu haiingii humo. Haiwezi kutembea ikafungua meseji zako. Inakaa kimya kwenye simu mpaka urudi kwa yule aliyeitoa.

Lakini shangazi si mtu wa kumaliziwa haraka. "Na wadaku wametokea wapi? Hawawezi kuliita jina hilo bure."

Hapa nilimpeleka kwa maneno Biashara Street, ule mtaa wa maduka ya leso hapa Mombasa. Unatoka kutafuta leso. Duka la kwanza, mlangoni kakaa jamaa ambaye si mwenye duka, kalipia nafasi ya kuweka kibao chake cha matangazo pale, na unavyoingia anakutia mkononi kipande chake yeye, namba 770. Duka la pili yuleyule, ana kiti hapo pia. "Kipande chako?" 770. Anaandika: huyu katoka kwa leso, sasa anatazama vitambaa vya pazia. La tatu yupo, la tano yupo, duka la sufuria yupo. Jina lako halijui na wala halimsumbui, ukifika mwisho wa mtaa ashajua 770 anaoza binti mwezi ujao, na kila kibao utakachokipita kuanzia hapo kina picha ya maharusi. Kuki ni ileile kipande cha karatasi. Kosa ni la yule aliyekaa milango yote.

Chrome inaviita vidakuzi vya washirika wengine, na kwa hao kwa kweli hilo jina la udaku limekaa sawasawa.

Sasa nilichofanya kwenye simu yake, kwa wale mnaosoma hii na ukurasa unawazungusha. Vidoti vitatu kule juu, Mipangilio, shuka mpaka mipangilio ya tovuti. Humo kuna mambo mawili na watu huyachanganya. Moja ni tovuti kuruhusiwa kuweka data yake kwenye kifaa chako, hiyo ndo binamu alikuwa ameizima, hiyo washa, bila hiyo huingii popote penye paswadi. Lingine ni vya washirika wengine, hilo niliacha limezuiwa. Majina yanabadilikabadilika kulingana na toleo la Chrome kwa hivyo usinililie ukikuta neno tofauti, tafuta maana. Aifoni nenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe, siyo ndani ya brauza, tafuta Safari, ndo brauza ya Aifoni, mwisho kabisa kwenye mambo ya kina utakuta swichi ya kuzuia kuki zote, na hapo angalia vizuri maana ni swichi ya KUZUIA, kuwasha kuki ni kuizima hiyo swichi. Nimeona watu wazima wenye digrii zao wamekwama hapo.

Hao washirika wengine Safari imewafungia wote tangu Machi 2020 bila kukuuliza, Firefox, brauza nyingine, ilianza 2019 kuwazuia wanaojulikana kwa kufuata watu. Google nayo Januari 2020 ikatangaza ndani ya miaka miwili itawaondoa kwenye Chrome, ikasogeza, ikasogeza tena, Julai 2024 ikasema basi haiwaondoi. Kwa hivyo mwenye Chrome jifungie mwenyewe. Mara mojamoja kitu fulani kitakataa, dirisha la malipo au video iliyopachikwa kutoka kwingine, mruhusu kwa huo mtandao mmoja, umalize, ufunge.

Na lile bango la "kubali zote" linaloruka ukifungua ukurasa? Hilo ni jambo jingine kabisa. Limetokana na sheria za Ulaya, ya 2002 ikarekebishwa 2009, halafu ile kubwa ya data iliyoanza kufanya kazi Mei 2018, na sisi Kenya pia tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ni mwenye mtandao anakuomba ruhusa. Ukibonyeza kubali na brauza yako imezuiwa kupokea kuki, umekubali hewa. Ukibonyeza kataa, zile kuki za lazima za kukukumbuka umeingia zinabaki, hupotezi kitu. Mimi hukataa kila siku na bado naishi.

Kuna kisa kingine kidogo nikiseme kabla sijasahau. Kijana wa fomu tatu aliniletea simu, kuki zimewashwa, kila kitu sawa, na bado anazungushwa vilevile. Dakika ishirini nasaka. Kumbe tarehe ya simu kaisogeza mbele siku mbili ili apate maisha ya bure kwenye gemu. Mtandao unampa kipande kinachoisha baada ya saa moja, simu inatazama kalenda yake, inaona hiki kishaisha tangu juzi, inakitupa. Nikarudisha tarehe, akaingia. Maisha ya gemu nayo yakaondoka, akanilaumu mimi.

Lakini tukiongea ukweli wa mtu anayekaa saiba siku nzima, simu ya mtu si ndo inayonitia wasiwasi. Ni kompyuta namba nne. Ile iko pembeni karibu na feni, kila mtu anaitaka. Mtu anaingia kwenye imeli yake, anachapisha anachotaka, anafunga dirisha kwa alama ya eksi, analipa, huyo. Hajatoka kwenye akaunti. Kipande chake chenye namba amekiacha mezani, na kwenye kompyuta anayeshika kipande ndo mwenyewe, haulizwi sura. Juzi mama mmoja alifungua akakuta barua za mtu mwingine, mpaka matokeo ya hospitali, akaniita uso umembadilika. Nilizifunga haraka, na jioni ile nikaziweka kompyuta zote sita zifute kuki kila brauza ikifungwa, na juu ya kila skrini nikabandika karatasi: TOKA KWANZA, NDO UFUNGE. Wanaisoma, wanafunga vilevile. Ni hao hao watakwambia wamezima vidakuzi kwenye simu kwa ajili ya usalama.

Turudi kwa shangazi. Kuki zimewashwa, tukabonyeza kuingia, paswadi haikumbuki kwa kichwa, kumbe usiku kucha alikuwa anaisoma mahali. Kwa nini haikumbuki? Kwa sababu kijana alipozima alifuta na za zamani zote, simu ilikuwa inakaa imeingia miezi na miezi, hakuna aliyehitaji kukumbuka. Akafungua pochi akatoa lile daftari la vipimo, akageuza mpaka ukurasa wa mwisho nyuma ya jalada, chini ya "Mama wa Shelly, mkono 22, kola ya V" paswadi imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Sikusema kitu. Tukaingia. Kibali kikalipwa, risiti nikamchapishia, akasema bei ya kuchapisha ni wizi ingawa mimi ni mwanawe.

Wiki mbili baadaye ananipigia simu usiku. "Wale wadaku uliowafungia, mmoja kapenya."

Alikuwa ametafuta cherehani ya umeme kwenye simu, na sasa kila anapofungua anaonyeshwa cherehani. Ikabidi nimweleze kwamba huyu hakupenya, alikuwa ndani siku zote, akaunti yake ya simu imeingia kwa jina lake, anachotafuta humo mwenye hiyo huduma anakiona mwenyewe bila kuhitaji jamaa wa mlangoni. Nikaanza kumwambia mahali pa kuzima matangazo ya aina hiyo, akanikata katikati.

"Usizime kwanza. Hiyo ya pili ina kapu la kudarizi na bei yake si mbaya. Hebu niulizie kama wanaleta mpaka Likoni."