Tangazo Lililofika Saa 10 na Robo

Mwalimu wetu wa hesabu alifariki alfajiri, Dar es Salaam, mwaka 2006. Maziko yakapangwa saa 10 alasiri siku ileile, makaburi ya Kisutu. Mimi ndiye niliyetunza seva ya barua pepe ya chama chetu cha wahitimu, yenye anwani 3,200. Saa 4 asubuhi nikatuma tangazo, nikaenda msibani.

Makaburini tulikuwa wachache mno. Jioni akanipigia kaka mmoja aliyetutangulia darasa, mkazi wa Temeke. "Mdogo wangu, barua nimeipata saa 10 na robo," akasema, kisha akanyamaza.

Usiku ule sikulala. Seva ilikuwa imetoa barua mojamoja, kila moja ikingoja iliyotangulia ipokelewe. Kebo ya SEACOM, ile ya intaneti ipitayo chini ya bahari, ilikuwa haijafika, ilikuja 2009. Intaneti yetu ilipitia setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, na swali kwenda na jibu kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde. Seva nazo hazipokezani barua bila mazungumzo: salamu, jina la mtumaji, la mpokeaji, idhini ya kuanza, kukiri kupokea. Ilinijia kama sekunde 7 kwa barua moja. Mara 3,200, ni saa 6 na dakika 13. Nilirudia hesabu hiyo kwa mkono, hatua kwa hatua, jinsi alivyotufundisha.

Miezi mingi nilikuwa nimeilaumu laini kwamba ni nyembamba. Kumbe muda mwingi ilikaa tupu, ikingoja majibu.

Nikahamia Postfix, programu ya seva ya kutuma barua pepe, nikairuhusu izungumze na seva nyingi kwa wakati mmoja. Wenye anwani za kampuni moja ya barua pepe wakapelekewa kwa pamoja, hadi 50 katika mazungumzo mamoja. Kampuni moja sikuifungulia njia zaidi ya 20, maana kubwa zile ukizivamia hukurudisha uje baadaye. Anwani zilizokufa nikazifuta. Kila moja ilikuwa ikishikilia foleni mpaka subira ya seva iishe.

Tangazo la hitima ya arobaini lilitoka lote ndani ya robo saa. Nilikaa mbele ya skrini mpaka foleni ikawa tupu, ndipo nikainuka.

Siku ya hitima mikeka haikutosha. Kaka wa Temeke alikaa karibu na mlango, juzuu mkononi.