Popo wa nchi za theluji, baridi wanaipitaje?

Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba kila mtu yuko na sweta, ukipanda Kitulo asubuhi majani yameganda, nikawa najiuliza sasa popo wa Kanada na Marekani kaskazini, kwenye theluji ya miezi kibao, wanaishije? Nikaanza kusoma na bado sijaacha, hawa viumbe wananigusa sana.

Kwanza, shida yao kubwa ni msosi. Wengi wanakula wadudu, na baridi ikianza wadudu hakuna, kwa hiyo wapo wanaohama kwenda kwenye joto, kama popo wa Texas wanaoshuka Meksiko, na wapo wanaobaki. Wanaobaki wanakula sana kabla baridi haijaingia, wananenepa, halafu wanaingia mapangoni au kwenye migodi iliyoachwa, ndani kabisa ambako maji hayagandi na hewa ina unyevu. Hapo mwili unapoa mpaka unakaribia ubaridi wa pango lenyewe. Moyo ambao akiruka unaweza kufika mapigo 1000 kwa dakika unashuka hadi kama 20! Ni kama mama anavyofukia kaa la moto kwenye majivu usiku, haliwaki ila halijazima. Na kuning'inia hakumchoshi, uzito wake mwenyewe unavuta kano za miguu kucha zinajibana.

Ila kila baada ya wiki kadhaa anaamka, mwili unapashwa moto upya, anakunywa maji, analala tena. Kule kuamka ndiko kunakomaliza mafuta mengi kuliko usingizi wote, yaani mtu akiingia na tochi na kelele akawaamsha bila sababu amewalia chakula chao, na dukani hawaendi.

Ndo maana ugonjwa wa pua nyeupe umewamaliza. Ulionekana New York mwaka 2006, unaletwa na fangasi, yaani ukungu unaopenda baridi, unaota puani na kwenye mabawa, popo anaamka mara kwa mara, mafuta yanaisha katikati ya theluji, anatoka nje mchana kutafuta wadudu ambao hawapo. Wamekufa mamilioni jamani, inauma, maana jike wa hao popo kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hapo kurudisha idadi ni miaka na miaka.