Maji Ambayo Brashi Haikuyagusa

Wapendwa, Zaburi ya 23 inatupeleka kando ya maji ya utulivu. Juma hili tuyatazame maji hayo kwa jicho la mchoraji wa wino: ukingo wa mto, miti michache, mtumbwi uliofungwa. Katika mchoro wote, maji ndiyo anayoyagusa kidogo kuliko kitu kingine.

Karatasi ni nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, imebandikwa ubaoni kwa utepe pande zote nne isije ikajikunja ikilowa. Mistari ya kalamu hutangulia, kwa wino usioyeyuka tena ukishakauka. Ukitumia ule unaoyeyuka, brashi ikipita tu, miti inageuka tope. Kisha wino huzimuliwa katika vikombe vitatu: tone 1 kwa matone 20 ya maji, kwa 10, kwa 4. Anza na ule mwepesi. Palipo na nuru paache karatasi tupu, maana hapa hakuna wino mweupe wa kurudishia ulichofunika.

Subira hupimwa kwenye kukauka. Mpako ukiwa bado unang'aa, unarekebishika. Ukikauka kabisa, unaweza kuongezewa mwingine juu yake. Hatari iko katikati: mng'ao umekwisha, unyevu ungalipo. Brashi yenye maji ikigusa hapo, maji husukuma chembe za wino pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochanika-chanika. Anayelisugua hulipanua na kuchubua karatasi. Weka mgongo wa vidole. Ukihisi ubaridi, bado. Na wengi wetu ndivyo tulivyo katika maombi: jibu limeanza kushika, halijakauka, nasi tumeshachovya brashi tena.

Taswira ya mti majini hushuka wima kumwelekea mtazamaji, hata jua likiwa ubavuni. Kinachofuata jua ni kivuli. Wanaoanza huvichanganya hivi viwili, ndiyo maana mito yao huonekana imeinama! Mti mweusi huacha taswira iliyofifia kidogo kuliko wenyewe, na bado ni mti uleule.

Katikati ya taswira hiyo hukatiza ufito mwembamba wa weupe, umelala, upana wa milimita 2 hivi. Ni upepo umepita juu ya maji. Ufito huo hauchorwi. Uliachwa tangu mpako wa kwanza.