Ada ya duka imepanda tena jamani

Leo asubuhi niko zangu soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza nachagua dagaa, simu ikaita nikajua oda hiyo. Kumbe ni meseji ya ule mtandao ninaouzia, ada ya duka kwa mwezi inatoka elfu 15 inaenda elfu 40 na kamisheni nayo juu.

Nikasoma mara mbili.

Na hapo ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi mingi imelala ufukweni na bei ya sado imeshapanda, nikitoa bodaboda na nauli ya mzigo kwa basi mpaka Dar nabaki na elfu mbili, tena mteja asipoomba punguzo 😩

Mama ninayechukuaga mzigo kwake kaniangalia, "mwanangu umefiwa?"

Hapana mama, wamenipandishia kodi ya duka.

"Duka gani tena, we si una simu tu?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia, hadi saa hizi suruali inanuka dagaa.

Nyie mnaouza mtandaoni mnafanyaje? Mnaongeza bei au turudi tu status za WhatsApp? Niambieni, mwisho wa mwezi ndo huo.