Maili 214,000 na Daftari la Madeni

Wengine wana dhahabu kabatini, mimi nilikuwa na maili 214,000 za ndege, zile pointi shirika linazompa abiria wake akisafiri, azibadilishe kwa tiketi. Sikuokota. Ni miaka ya kwenda Guangzhou na kurudi Kariakoo, nimekaa kiti cha nyuma jirani na choo, magoti kidevuni, kisa mapazia ya watu. Nikaja kugundua kwamba maili za shirika langu zinakufa baada ya miaka mitatu, na zangu nyingi zilibakiza miezi minne. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni, nikaanza kuota.

Niliota jamani! Tokyo wakati miti inachanua. São Paulo, wala sijui kufanya nini. Istanbul kuangalia vitambaa, mume wangu akauliza kama hiyo nayo ni likizo. Kila usiku nikifunga hesabu za duka naongeza nchi moja, na mdaiwa akichelewa kulipa nampitia haraka nifike kwenye ukurasa wangu.

Washauri hawakukosekana. Binamu yangu wa Dubai akasema nichukue vitu kwenye duka la shirika. Nikaingia. Blenda ambayo Kariakoo naipata kwa laki na kitu, pale inataka maili za kunifikisha Nairobi na kurudi! Mwingine akasema niziuze. Usithubutu. Masharti yanakataza, wakikunasa wanafunga akaunti na unabaki unapiga miayo.

London nusura iniingize mkenge. Nilipata kiti daraja la biashara, kwenda na kurudi, nikampigia dada yangu aliyeko huko, tukapiga vigelegele kwenye simu. Kufika pa kulipa, kodi na tozo zinakaribia milioni mbili. Kwa tiketi ya bure! Kumbe Uingereza inamtoza kodi abiria anayepandia ndege kwao, na ukikaa mbele inapanda zaidi. Nikafunga kompyuta. Dada hakunisemesha wiki nzima.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Anachambua mchele, hata hakuniangalia: "Hiyo ndege yako, Jeddah haifiki?"

Umra. Miaka yote ile, na kwenye daftari sikuwa nimeiandika.

Nikatafuta viti viwili vya mbele. Hakuna. Mwezi mzima, hakuna. Mtu wa wakala akaniambia maili ni kiini macho, ninunue tu tiketi (kwake, bila shaka). Hapo hasira ikanipa akili. Nikatafuta kiti kimoja badala ya viwili: kipo! Mtandao ukiulizwa viti viwili na kilichobaki kwa bei ya chini ni kimoja, unakujibu hakuna, au unakupandishia bei wote wawili. Nikamkatia Mama kile kimoja. Mimi nikajiwekea cha nyuma siku hiyo hiyo, kisha kila alfajiri baada ya swala nachungulia. Siku ya tisa kikafunguka cha mbele, nikapiga simu wakanihamisha. Tulikwepa Ramadhani na likizo za shule, tukaenda Mfungo Sita. Kodi zilikuwa laki saba na ushee kwa wote wawili. Viza na mengine mnayajua.

Sasa ndani ya ndege. Mama akaoneshwa kiti kinavyolala kikawa kitanda. "Nilale hapa, mbele za wanaume?" Akakaa wima kama yuko kwenye harusi ya wakwe. Na kwa kuogopa usingizi usije ukampitisha mikati, ule mpaka ambao mwenda umra havuki kabla ya kuingia ihramu, akatia nia ya ihramu, yaani ya kuianza ibada yenyewe, mapema kabla rubani hajatangaza. Muda si muda mhudumu akaja na vitambaa vya moto vya kufutia mikono, vinanukia marashi. Mama alivuta mkono kama kaona nyoka. Manukato hayaruhusiwi kwenye ihramu! Kile kimfuko cha losheni na sabuni za kunukia nikakifutika chini kabisa ya begi. Kwa hiyo ukienda umra kwa daraja la kifahari, beba sabuni yako isiyo na harufu, na mwambie mhudumu mapema.

Kurudi, ihramu imeshaisha, Mama alilala kuanzia ndege inapaa mpaka chai. Tulipotua Dar akaniuliza zimebaki maili ngapi. Nikamwambia kama elfu kumi na moja.

"Haya mwanangu," akasema, "rudi China."